Fundi wa habu na ngumi nyekundu

Saa moja asubuhi, mzee yuko chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana nje. Kiatu kimoja kina kamba, kingine kimefungwa kwa waya, na vyote viwili vinatikisika maana mwenyewe huko chini anaimba.

Nesi wa chanjo amesimama pembeni na boksi lake la barafu. Yeye haimbi.

"Mzee, ikifika saa tatu akina mama watakuwa wameshakaa kule juu mlimani wananisubiri. Wiki iliyopita walikaa mpaka saa nane, gari limelala kwenye tope. Leo nisipofika, mara ya tatu hawaji tena. Na mimi siwalaumu."

"Nimekusikia, mwanangu. Masikio yangu yapo nje, ni kichwa tu kiko ndani."

Mtaani wanamwita Babu Kitasa. Ana miaka sitini na nane, na thelathini na mmoja ameimalizia kwenye kitu kimoja tu, habu za mbele za pikapu za fowili. Habu ni kile kikombe cha chuma katikati ya tairi. Ndani kina meno. Meno yakishikana, nguvu ya injini inafika mbele na gari linavuta kwa miguu yote minne. Yakiachana, tairi za mbele zinajizungukia tu, kama mgeni aliyekuja kula.

Basi, pikapu hii ya zahanati zamani ilikuwa na habu za otomatiki. Dereva anabonyeza kitufe, hewa inavutwa kwenye kimpira chembamba kama mrija wa soda, meno yanashikana. Raha tupu, mpaka siku jiwe lilipokata kimpira.

"Ubaya wake, zikifa hazikuambii," anaeleza Babu Kitasa. "Taa kwenye dashibodi inasema ndiyo, tairi inasema sijaambiwa. Utajua umeshazama."

Ndiyo maana miezi miwili iliyopita alizing'oa, akaweka za kuzungusha kwa mkono. Akamwambia nesi, hizi hazitakuangusha. Akasema kwa mdomo wake huo huo. Halafu gari likazama.

Anatoka chini anajipangusa vumbi. Ameshafungua habu zote mbili, akanusa grisi, akapapasa meno kwa kidole kama mama anayemwangalia mtoto anayeota meno. Hakuna ubovu. Amenyanyua tairi moja kwa jeki, akachora mstari wa chaki kwenye shafti inayoleta nguvu ya injini, akafunga habu na kuizungusha tairi. Mstari ukazunguka nayo. Maana yake habu imeshika.

Hapo angeweza kusema chombo ni kizima, nendeni. Hakusema. Mkewe, ambaye nyumba yao ipo nyuma ya gereji, anasema usiku mzima mzee alikuwa anageukageuka kitandani. "Nikamuuliza unaumwa? Ananijibu, habu. Mimi nimeolewa miaka arobaini, sijawahi kumkosesha usingizi namna hiyo!"

Babu Kitasa anamwita dereva, pande la mtu, mpole, koti limembana mabegani.

"Njoo, bwana mkubwa. Jifanye hapa ni topeni. Nionyeshe ulichofanya siku ile. Usiniambie, nionyeshe."

Dereva anaingia ndani, anavuta kile kigia kidogo cha fowili. Sawasawa. Anashuka, anachuchumaa kwenye tairi, anazungusha kishikio. Anakipeleka palipoandikwa fri, upande wa kuachanisha meno.

Babu Kitasa anainama kukitazama kile kishikio.

"Mbona umefungua?"

"Mzee wangu, kwani nifunge? Nani anafunga tairi wakati anataka kwenda?"

"Si nilikuambia ukifika topeni, funga?"

"Uliniambia. Nikaona mzee kachoka, ulimi umeteleza. Nikaona nisikuaibishe mbele ya Sista. Halafu hapa pameandikwa fri, na fri si ni bure? Nikasema angalau mafuta hayaliwi."

Nesi anaweka boksi chini, anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Yaani mimi nilisukuma gari kwa mabega yangu haya, kwa sababu ya bure!"

Babu Kitasa hacheki. Anajikuna kidevu, kisha anampiga dereva begani taratibu.

"Kosa ni langu. Mimi nikisema funga, naona meno yanashikana. Wewe unaona mlango. Miaka yote hii nimefundisha kwa neno, sijawahi kumwambia mtu, hebu nionyeshe. Mama! Niletee ile rangi yako ya kucha!"

"Rangi yangu iende kwenye tairi?" sauti ya mkewe inatoka ndani. Lakini inaletwa, nyekundu, na mwenye rangi anakataa kumwachia mtu kibrashi. Anachora mwenyewe. Kwenye kufunga anachora ngumi, kwenye kufungua kiganja.

"Hii ngumi mbona kama kiazi?" anauliza dereva.

"Kiazi chenyewe ndicho kitakachokufikisha. Nyamaza."

Saa mbili kasoro wanaijaribu kwenye mtaro nyuma ya gereji, ambako maji ya kuoshea magari yametengeneza tope zito. Dereva anashuka, anapeleka kishikio kwenye ngumi, kulia na kushoto. Gari linanguruma, linayumba kidogo, halafu tairi za mbele zinang'ata tope na kulitoa gari lote juu, polepole, bila kusukumwa. Nesi anapiga makofi. Koti la dereva limejaa matope, naye anatabasamu kama bwana harusi.

Kazi hii haimtajirishi. Kuna wiki inaleta pikapu sita, na kuna wiki anafagia gereji tu. Yeye anasema inamtosha. Mpango wake sasa ni kuzipaka ngumi na kiganja pikapu zote zinazopita mikononi mwake, na dereva hatoki getini kabla hajamwonyesha kwa vitendo.

Analo na jingine moja. "Nimefunga habu za gari zinazopanda mlima ule miaka thelathini na mmoja. Huko juu kwenyewe sijawahi kufika."

"Jumanne ijayo nafasi ipo," nesi anamwambia, akipanda na boksi lake. "Ila tukikwama, unasukuma."

Saa nne na robo simu ya mzee inaingiza picha. Anaisogeza mbali na macho ndiyo aione. Akina mama wamejaa kwenye benchi na watoto mapajani, na mbele yao dereva, tope mpaka kifuani, amenyanyua ngumi juu.

Babu Kitasa anamwonyesha mkewe. Halafu anaenda kutafuta kamba ya kile kiatu kingine, maana Jumanne si mbali.