Kadi za Nguvu

Fundi viatu wa mtaa wetu hufuta vidole kwenye aproni kabla ya kugusa kadi zake za mchezo. Wenzake hugombania kadi za majoka. Yeye huomba zile za nguvu, maana bila hizo joka halishuki mezani. "Shemeji, acha kuokota makapi!" humtania kaka wa mkewe. Jumamosi wakakutana fainali. Shemeji mtu alishika majoka matano mkononi, asipate nguvu za kushusha hata moja, na fundi akammaliza kwa kadi zake za panya wadogo. Watu wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Alichambua kadi zake za nguvu taratibu, akamsogezea kumi. "Chukua, shemeji. Wageni wako, majoka hayo, wamesimama mlangoni muda mrefu."