Imekufa, Amekufa

Shida zangu zilianza mwaka 1986, nikiwa na miaka minane. Nilizikumbuka juzi, fundi alipokuja dukani kwangu Newala kupima mtandao wa kompyuta. Alichomoa waya, akauchomeka tena, akatazama taa, akasema, "Imekufa, mzee."

Nikamfokea, "Taja kitu chenyewe kilichokufa!" Akacheka.

Mwaka ule baba alinipeleka posta kupiga simu hospitali alikolazwa mama. Mle ndani mlinuka gundi na jasho. Karani alizungusha kishikio cha simu, akaita haloo, haloo, kisha akatikisa kichwa. "Baba Salumu, imekufa."

Nyumbani tulisema Kimakonde. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokota. Nikadhani anamsema mama. Nikajitupa sakafuni, nikalia.

Baba akaninyanyua. "Simu ndiyo iliyokufa, mjinga wee! Fundi ataitengeneza."

Nilirudi nyumbani nikirukaruka.

Siku ya tatu lori la korosho likaleta habari kwamba mama amekufa. Nikamwuliza baba fundi anakuja lini.

Leo nina mikorosho kule Chilangala, duka, nyumba ya tofali na pikipiki mbili. Picha ya mama sina.