Muhula Mwalimu wa Muziki Alipopoteza Sauti

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza aliniuliza swali mbele ya darasa zima. "Madamu, mbona ukitufundisha wimbo mpya huimbi? Unajishika tumbo, unajishika kidevu, halafu sisi ndiyo tunaimba." Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, nikamwambia nitamjibu siku nyingine, kwani kengele ilikuwa karibu kugongwa na jibu lenyewe ni refu. Lakini jioni ile, madaftari ya kusahihisha yakiwa mbele yangu, nilijikuta nimerudi Ujiji, darasa la sita, kwenye chumba cha mwisho kilichotazama ziwa. Yule mtoto bado sijamjibu. Acha nianze na wewe.

Shule yetu ilikuwa karibu na maji kiasi kwamba siku za upepo tulisoma huku mawimbi yakishindana na mwalimu. Nje ya madirisha yetu ndipo wanawake walipoanika dagaa, na bibi yangu alikuwa mmoja wao. Nililelewa naye. Alivuka kutoka upande wa Kongo akiwa msichana, akaolewa Ujiji, akazeekea Ujiji, ila Kiswahili chake hakikuvuka. Alisema "mutoto" na "muzuri" mpaka mwisho wa maisha yake. Mimi nilijifunza kusema kutoka kwake, na shuleni nilichekwa. Kwa hiyo nilichagua kunyamaza. Nilifika darasani na harufu ya dagaa kwenye sare, nikakaa nyuma, nikaandika nilichoambiwa kuandika. Nikitoka, nakuta ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka aliyepikwa kwa mawese, nakula upesi, kisha naenda mchangani kugeuza dagaa na kufukuza kunguru hadi jua lipungue. Hayo ndiyo yalikuwa maisha, na sikuyalalamikia.

Mwalimu wa muziki alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mzaliwa wa upande wa Kasulu. Alifundisha pia sayansi, na asubuhi ndiye aliyekagua kucha na meno, kwa sababu hakuna shule ya kwetu iliyoweza kuwa na mtu wa muziki tu. Muziki ulipewa kipindi kimoja kwa wiki, Alhamisi, cha mwisho, saa ambayo mtoto anasikia tumbo lake kuliko anavyomsikia mwalimu. Vifaa vyake vilikuwa ngoma moja iliyopasuka ubavu, filimbi mbili za plastiki, na daftari la jalada gumu alimoandika nyimbo. Nyingine alizitunga mwenyewe. Mmoja aliutunga kutokana na salamu za Kiha, zile ambazo wanawake hupigiana makofi taratibu na kuulizana habari ya nyumba nzima. "Mwakeye," anaanza mmoja, na makofi yanaitikia.

Na sauti yake, nitakuelezaje? Haikuwa kubwa. Lakini Alhamisi akianza kuimba, mazungumzo ya wanawake mchangani yalikatika, na fundi wa injini za boti aliyekuwa na kibanda jirani alizima injini aliyokuwa akiijaribu. Bibi yangu, ambaye hakusifu watu ovyo, alikuwa akisema, "Yule anaimba kama mutu asiye na haraka."

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Shule ilikuwa imefanya vibaya kwenye mtihani wa darasa la saba na wazazi walimjia juu. Siku moja alimwita mwalimu wa muziki ofisini. Ukuta kati ya ofisi na darasa letu haukufika juu, kwa hiyo tulisikia yote.

"Mwalimu, kile kipindi chako nakihitaji kwa hesabu."

"Nipe mpaka mashindano ya kwaya, mwalimu mkuu. Tukae nacho muhula huu tu."

"Na watoto wakiniaibisha huko?"

"Wakikuaibisha, chukua kipindi. Na ngoma uchukue."

Tuliangaliana. Hatukuwahi kushiriki mashindano yoyote ya kuimba. Alhamisi iliyofuata alituambia tujiandae, kisha Alhamisi nyingine ikaja bila yeye. Shingoni alikuwa na uvimbe ambao tuliuzoea hata hatukuuona tena. Ulikuwa umekua, akaenda kufanyiwa upasuaji. Daktari alimwonya mapema kwamba uvimbe ule uko karibu na mishipa ya sauti, na kwamba huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa. Alikubali, maana kupumua nako kulikuwa kunaanza kumpa shida.

Alirudi baada ya wiki tatu, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni. Tulisimama tukamwamkia. Alifungua mdomo kuitikia, na kilichotoka kilikuwa hewa, kama mtu anayepuliza chai. Akageuka, akachukua chaki, akaandika ubaoni: "Nimekatazwa kusema miezi miwili. Mashindano yapo baada ya wiki tano. Fungueni madirisha, tuanze."

Sasa fikiria mwenyewe, utafundishaje watoto wimbo wenye sauti tatu bila kuimba hata neno? Wiki ya kwanza alijaribu filimbi, lakini kupuliza kulimuumiza. Basi akaja na chupa za soda nane, akazipanga dirishani, akazitia maji ya ziwa kwa vipimo tofauti. Ukizigonga kwa kijiko, zinapanda do, re, mi mpaka juu. Kisha akatufundisha ngazi nyingine juu ya mwili wake: do kiunoni, re tumboni, mi kifuani, fa begani, so kidevuni, la puani, ti kwenye paji la uso, na do ya juu utosini. Anagusa, tunaimba. Tukikosea, anatikisa kichwa na kugusa tena. Hakuchoka kugusa. Siku moja fa ilisikika kama so, akasimama akizitazama chupa, kisha akatutazama sisi mmoja mmoja, mpaka mwenzetu aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono na kukiri kwamba alisikia kiu. Mwalimu alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu arudi.

Lakini chupa za maji huwezi kuzipakia kwenye lori zikafika mjini salama. Alihitaji mtoto wa kuibeba do kichwani, aitoe yeye kwanza, wengine waifuate. Alitupima wote. Alipofika kwangu niliimba nikitazama sakafu. Akaenda kugonga chupa ya kwanza. Ilikuwa sauti ileile. Akarudi, akaniinua kidevu kwa kidole kimoja, akagusa kiuno. Nikaimba tena.

Nilimwambia ukweli, kwa kunong'ona, kama vile sote wawili tulikuwa tumekatazwa kusema. "Mwalimu, mchana namsaidia Bibi dagaa. Siwezi mazoezi."

Kesho yake mchana alitokea mchangani, viatu mkononi, na barua. Akampigia Bibi goti, akamkabidhi. Bibi akaigeuza juu chini. Alisoma madrasa utotoni na herufi alizozijua zilikuwa za Kiarabu tu. Akanipa mimi. "Soma, nisikie."

Nikasoma. "Shikamoo Bibi. Samahani sauti yangu inaumwa. Naomba mjukuu wako kwa mazoezi, kila siku saa nane hadi saa tisa na nusu, kwa wiki nne." Hapo nikaikunja. Mwalimu akanishika mkono, akaikunjua, akaweka kidole kwenye mstari nilioruka. Masikio yaliniwaka. Nikasoma: "Ana sikio ambalo sijalipata kwa mtoto mwingine tangu nianze kazi."

Bibi akaendelea kugeuza dagaa. Basi mwalimu naye akachuchumaa upande wa pili wa mkeka, akaanza kugeuza. Hakujua, aliwavunja vichwa mwanzoni, Bibi akamwonyesha jinsi ya kupitisha vidole chini. Jua lilikuwa kali. Kitambaa cha shingoni kililowa jasho. Walikwenda hivyo, mkeka wa kwanza, wa pili, wa tatu, watu wawili wasiozungumza, na mimi nikifukuza kunguru kwa nguvu zaidi ya siku zote maana sikujua nifanye nini na mikono yangu. Walipomaliza mkeka wa mwisho, Bibi alijifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Mwalimu, weye ni mugonjwa. Mugonjwa hakai juani hivi."

Mwalimu akatabasamu, akagusa sikio lake, akaninyooshea mimi kidole.

"Nimesikia, mwanangu. Mutwae. Dagaa nitageuza mwenyewe, walikuwepo kabla huyu hajazaliwa."

Kuanzia siku ile, kila asubuhi langoni mwalimu alinisubiri. Kabla ya kunikagua kucha aligusa kiuno, nami niliimba do, kisha tulikwenda pamoja darasani kugonga chupa kuhakiki. Siku za mwanzo nilipotea, nikiwa juu au chini. Alikuwa na alama yake, kiganja kimelala, akikishusha kidogo au kukipandisha. Wiki ya tatu hatukwenda tena kwenye chupa. Wenzangu walionicheka kwa Kiswahili changu walianza kunifuata uani wakati wa mapumziko, wakisema, "Tupe do." Nikawapa. Nilianza kukaa mbele.

Siku ya mashindano tulipanda lori hadi Kigoma mjini, sare zimepigwa pasi ya mkaa, nywele zimepakwa mafuta ya mawese mpaka zinang'aa. Ukumbi ulikuwa na paa la bati na umejaa shule zenye vinanda na mavazi ya kufanana. Mwalimu mkuu alikaa mstari wa pili, mikono kifuani. Zamu yetu ilipokaribia, mvua ikashuka, mvua ile ya kwetu inayovuka ziwa kama ukuta. Kwaya iliyokuwa jukwaani ilijaribu, ikapotea, sauti ya pili ikikimbia mbele ya ya kwanza, mpaka mwalimu wao akawasimamisha. Wakashuka wakilia. Jaji mmoja akatufanyia ishara tusubiri. Mwingine akatazama saa, akatufanyia ishara tupande.

Tukapanda. Sikuweza kusikia pumzi yangu mwenyewe. Mwalimu alisimama mbele yetu, akatutazama wote kwa zamu, bila haraka, akagusa kiuno.

Niliitoa do bila kuisikia. Niliihisi tu, hapa kifuani, mahali palepale ilipokaa kila asubuhi langoni. Nilimwona aliye kushoto kwangu akitazama mdomo wangu, kisha mikono ya mwalimu, kisha akaanza. Hatukusikiana. Tulimtazama yeye. Kidevu, pua, bega, kifua. Makofi ya salamu tuliyapiga kwa kuangalia viganja vyake. Beti mbili zilikwenda hivyo, ndani ya kelele ya bati. Katikati ya ubeti wa tatu mvua ilikatika, ghafla kama inavyokatika kwetu, na ukumbi ukatusikia. Nasi tukajisikia. Tulikuwa pamoja. Tulikuwa tumeshuka kidogo, sitakudanganya, lakini tulikuwa tumeshuka sote.

Tukawa wa tatu. Shule zenye vinanda zilichukua nafasi ya kwanza na ya pili, na zilistahili. Kwenye lori, mwalimu mkuu alimsogelea mwalimu wetu, akakohoa. "Kipindi kibaki. Lakini nusu. Dakika ishirini." Mwalimu akachukua chaki mfukoni, akaandika kwenye ubao wa lori: "Ishirini na tano." Mwalimu mkuu alitazama maandishi yale mpaka tulipofika Ujiji, kisha akasema, "Haya."

Sauti ilirudi baada ya miezi mitano, lakini ilirudi nyingine: nzito, yenye mikwaruzo, isiyopanda. Hakuizungumzia. Alisimama na wavulana wakubwa akaimba besi, na dakika zake ishirini na tano zilianza kengele ikiwa bado inalia.

Nimepita huko mwaka huu. Ziwa limepanda. Mchanga ambao Bibi alianikia dagaa uko chini ya maji, na mahali pa kibanda cha fundi palikuwa na mtumbwi umefungwa kwenye mti uliokufa. Darasa la mwisho lilibomolewa kabla maji hayajalifikia. Bibi amelala makaburini Ujiji miaka sasa, na sijasikia tena mtu akisema "mutoto" kwa namna yake. Nilisimama pale kwa muda, nikitafuta hata mstari wa msingi, nikaona maji tu.

Mwalimu alistaafu, yuko Simbo, analima muhogo na maharage. Nilimkuta shambani, jembe mkononi, amekonda lakini amenyooka. Tulikaa kwenye kibaraza chake tukimenya muhogo wa kuchemsha. Tulizungumza habari za kazi, nikamwambia shule yangu nayo inataka kupunguza muziki, akaniuliza nimewajibu nini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kukubali.

"Hivi," akasema kwa ile sauti nzito, "zamani nilikuwa naimbaje? Siku hizi najaribu kuikumbuka, siipati. Hakuna aliyeirekodi."

Nikaweka muhogo chini. Nikaimba ule wimbo wa salamu kama alivyouimba yeye kabla ya kitambaa cheupe, polepole, nikiteremka pale alipokuwa akiteremka. Alisikiliza amefumba macho.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni yako."

Akafumbua macho, akajifuta mikono kwenye khanga, akagusa kiuno. "Rudia. Ubeti wa pili umeukimbiza."