Fungu Langu la Nyama

Bibi aliyenilea hakunizaa, wala hakumzaa mama yangu. Alikuwa akiuza ndizi mshare za kupika sokoni Taveta, ng'ambo ya mpaka, na mama yangu akiuza nyanya kwenye meza ya jirani. Mama alipofariki sikuwa nimefikisha miaka mitatu. Bibi alinifunga mgongoni akapanda nami hadi kihambani kwake, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, juu ya Himo. Huko ndiko nilikong'oka meno ya utoto, nikajifunza kuchuma kahawa nikachapwa kwa kuvunja matawi ya mibuni. Kenya siikumbuki hata kidogo.

Hayo hayakuwa tatizo mpaka nilipopata nafasi chuo cha uuguzi. Walitaka namba ya kitambulisho cha taifa kabla mwezi haujaisha, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Sikuwa nayo. Hata laini yangu ya simu imesajiliwa kwa jina la Bibi. Mjumbe wetu wa nyumba kumi aliandika barua kwamba nimezaliwa kijijini, nami wiki nzima, tukimenya ndizi, nilimkaririsha Bibi: wakikuuliza, sema nimezaliwa hapa, basi, usiongeze neno. Ulikuwa uongo na niliujua. Niliutaka hivyo hivyo.

Kwenye ofisi ya vitambulisho mjini Moshi tulimkuta ofisa kijana, mwenye adabu. Alimpa Bibi shikamoo, akamvutia kiti. Hapo ndipo tulipoharibikiwa, maana Bibi anajua kuwanyima maneno watu wakali tu.

"Bibi, huyu ni mjukuu wako?"

"Wangu kabisa. Nilimtoa Taveta mwenyewe, kwa mgongo huu."

Nilimkanyaga mguu. Akausogeza, akaendelea.

"Kama huamini, mwanangu, njoo Krismasi. Ukoo ukichinja mbuzi, uliza fungu lake ni lipi. Mgeni anakula sahani ya wote. Huyu anakatiwa lake."

Kwake hakuna ushahidi uliozidi huo. Kwetu mzee anayegawa nyama anajua fungu la kila mtu, na wapo ndugu walionuniana miaka kwa sababu ya kipande kilichokosewa. Mimi nakatiwa ubavu tangu nikiwa na miaka minne. Bibi aliyasema hayo akiwa amenyoosha shingo kwa fahari, na kalamu ya ofisa ikasimama.

Hakuwa mtu mbaya. Aliigeuza fomu niione.

"Hapa ni pa aliyezaliwa nchini. Hapa ni pa aliyeingia. Wewe uliletwa, dada. Pa kuandika hivyo sina."

Nilitoka na karatasi nyingine: niripoti kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi, nisitoke nje ya mkoa hadi watakapoamua. Huu ni mwaka wa pili, hawajaamua. Chuo kilimpa mtu mwingine nafasi yangu. Wenzangu wakisafiri kwenda Arusha nawasindikiza hadi Bomang'ombe, kabla ya mpaka wa mkoa, nashuka, navuka barabara kusubiri gari la kurudi. Asubuhi za anga safi naiona tambarare ya Taveta kutoka mlango wa jikoni, na huko pia sina karatasi hata moja.

Nilimchukia Bibi. Miezi miwili nilimjibu kwa mkato, nikimpakulia chakula bila kumtazama. Yeye aliuliza swali moja tu, tena na tena.

"Yule kijana alielewa, eeh?"

"Alielewa, Bibi."

Ningemwambia nini? Kwamba alinifungia mlango kwa kunisifia? Amezeeka, na katika maisha yake yote hakuna jambo analojivunia kuliko siku ile aliyonibeba.

Krismasi iliyopita siku ya kuripoti iliangukia siku chache tu baada ya sikukuu. Asubuhi, kabla sijavaa viatu, Bibi alikuwa ameshachoma ubavu wangu na kuufunga kwenye jani la mgomba.

"Mpelekee yule kijana. Aone kwa macho yake."

Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi, lile jani magotini, bado lina uvuguvugu. Nikiingia nalo wangeliita hongo. Nikilirudisha, Bibi angejua kwamba hakuna aliyeelewa. Nikalifungua, nikala nyama yote peke yangu, nikautafuna hadi mfupa, nikingoja kuitwa.