Shikamoo zilivyonisumbua kwenye picha ya ukoo

Jamani, leo shikamoo nusura ziniharibie kazi yangu ya kwanza!

Mtoto wa shangazi kabatizwa. Shangazi akataka picha ya ukoo ya kutundika sebuleni, tukaenda kwenye mawe ya ziwani, mpiga picha mimi.

Kamera yangu ni ndogo, ila nimeifunga kwa adapta, kile kipete cha kuunganishia, lenzi nzito ya kamera ya zamani ya baba.

Binamu yangu Neema akacheka: "Hiyo kamera au darubini?"

Lenzi yenyewe haijirekebishi. Naizungusha kwa mkono mpaka sura zionekane vizuri.

Nikipatia tu, mjomba anafika. Nashusha kamera. "Shikamoo, mjomba."

Nazungusha upya. Bibi huyo! "Shikamoo, bibi."

Shangazi akachoka: "We mtoto, utasalimia mpaka jua lizame?"

Mimi hata darasani nilikuwa najibu kwa kunong'ona. Leo nikapaza sauti: "Shikamooni nyote!"

Wakaitika pamoja. Nikabonyeza.

Picha imetoka safi kabisa, ila wazee wote wako mdomo wazi, katikati ya "marahaba". Aliyefumba mdomo ni mtoto wa ubatizo tu.

Shangazi anasema ataitundika hivyo hivyo. Nyinyi mngeitundika?