Mwalimu Mkia

Jina hilo alipewa na watoto wenyewe, na wala hakulikataa. Mgeni akilisikia angedhani ni tusi, au kwamba mama wa watu ana jambo analolificha chini ya gauni. Hakuna! Mkia wenyewe ulikuwa wa maneno. Mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiswahili hajazoea neno linaloishia hewani. Kwetu sisi neno linamalizikia kwenye a, e, i, o au u, linatua taratibu kama mtu anayevua viatu mlangoni. Sasa mpe mtoto huyo Kiingereza, mwambie asome "bed". Atakusomea "bedi". Mpe "dog", atakuletea "dogi", tena kwa furaha. Hiyo i ya mwisho, na mara nyingine u, ambayo hakuna aliyeiandika wala kuiomba, ndiyo Mwalimu aliyoiita mkia, na kazi yake ya maisha ilikuwa kuukata.

Alifundisha darasa la kwanza, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji. Hakuanza na majina ya herufi. "Em, en, pii, hayo majina waachieni wenye haraka," alikuwa akisema. Yeye alianza na sauti: m ya kufumba midomo, s ya tairi linalotoa upepo, t ya saa ya ukutani. Kila sauti ilikuwa na kadi yake iliyokatwa kwenye boksi la sabuni, kwa hiyo darasa lake lilinukia sabuni mwaka mzima. Watoto walipanga kadi, wakavuta sauti, wakaziunganisha, na neno lilipofika mwisho viganja vyote vilishuka juu ya madawati: kata!

Herufi alizigeuza watu. K ya mwanzo wa "knife" alisema huyo amekuja kula tu, hafanyi kazi, mpiteni kama hamkumwona. Na ile e ya mwisho wa "cake", isiyotamkwa lakini inayomfanya a aliye mbele yake aseme jina lake, aliiita e bubu. "Ni shemeji mkubwa sebuleni," aliwaambia. "Hafungui mdomo, lakini wote mnakaa vizuri." Watoto walicheka, na mtoto aliyecheka hasahau. Wazazi walipigana vikumbo waingize watoto wao chumba kile, na Mwalimu, tusimtie utakatifu asiokuwa nao, alilijua hilo na alilifurahia sana.

Basi masikio yakaanza kuondoka bila kuaga. Kwanza chaki ziliacha kupiga kelele ubaoni. Badala ya kujiuliza, akazisifu: chaki za siku hizi wamezitengeneza vizuri. Kisha birika la nyumbani likaacha kupiga mluzi, likakauka, likaungua tako. Akalilaumu birika. Sauti nene bado zilimfikia, za wanaume, za malori, za mlango ukibamizwa. Zile nyembamba ndizo zilizopotea njiani, na sauti za watoto wa darasa la kwanza, jamani, ni nyembamba zote.

Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, ndiye aliyeonja joto ya jiwe mapema. Alikuwa na masharubu mazito, aliyoyafuga tangu kabla ya harusi na kuyachana kila asubuhi mbele ya kioo.

"Unaongea ndani ya masharubu," mkewe alimwambia siku moja. "Sielewi hata neno."

"Mama watoto, masharubu haya umeyakuta. Ulikuwa unaelewa."

"Enzi hizo ulikuwa unatamka. Siku hizi unamung'unya."

Mzee hakubishana. Aliingia bafuni, na alipotoka mdomo wa juu ulikuwa mweupe mweupe kama wa mtu mwingine. Mwalimu alimtazama, akaanza kumwelewa vizuri sana, na hakumuuliza kwa nini amenyoa. Yeye pia hakumwambia. Waliishi hivyo, kila mmoja akijitia hamnazo kwa ajili ya mwenzake.

Darasani nako alitafuta ujanja. Alipita kati ya madawati, akainama mbele ya kila mtoto, akasema, "Nioneshe mdomo!" Mtoto alipanua mdomo, Mwalimu akasoma sauti pale midomoni kama unavyosoma bango la duka. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akaona, akapendezwa. Kikaoni akawaambia walimu wote kwamba hiyo ndiyo mbinu, mtoto aone sauti inavyozaliwa, na kila mmoja aende akajifunze chumba cha mwisho. Mwalimu Mkia alivimba kichwa. Alikuwa karibu kuamini kwamba ni mbinu kweli.

Lakini mkia una tabia moja mbaya: mdomoni hauonekani. Mtoto akisema "bed" na akisema "bedi", midomo ni ileile. Ile i ndogo inateleza nyuma ya meno, inatoka, inasikika kwa mwenye masikio tu. Hivyo watoto walisoma na mikia yao, viganja vikashuka kwa kishindo, na Mwalimu akasema, "Safi kabisa!"

Aliyegundua alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, naye mwalimu wa darasa la pili shuleni palepale. Hapo ndipo pabaya. Neno hilohilo angelileta mtu wa mbali lingepokewa. Likiletwa na wifi linakuwa na miguu minane. Alikuja nyumbani siku ya mapumziko, akakaa kwenye ukingo wa kochi, akazungushazungusha kikombe cha chai asichokinywa.

"Wifi, usinielewe vibaya," akaanza. "Watoto unaoniletea siku hizi wana mikia."

Mwalimu alikuwa amemkodolea macho mdomoni, kwa hiyo aliipata yote. "Wangu?"

"Wako. Tena mirefu."

"Mimi nilianza kukata mikia wewe ukiwa bado unavalishwa viatu na mama yako! Kama unalitaka darasa langu, sema unalitaka. Usinizunguke."

"Silitaki, wifi. Nataka watoto wajue kusoma."

"Chai yako inapoa."

Kwa lugha ya nyumba ile, hiyo ilikuwa na maana ya nenda zako. Wifi akaenda. Baadaye, kwa kuwa watoto wa darasa la pili walizidi kumshinda, alilipeleka suala kwa mwalimu mkuu, na huyo akamwita Mwalimu ofisini. Alikuwa na sauti nene, Mungu ambariki, kila neno lilifika. Alisema atakuja kusikiliza mwenyewe. Kama malalamiko ni uongo, yatakoma. Kama ni kweli, darasa la kwanza litakwenda kwa wifi, na yeye Mwalimu atapewa chumba cha vitabu, ambacho watu wote walijua kina vitabu vichache na panya wengi.

Jioni ile mumewe alikuwa akiosha vyombo. Alimpa mgongo kwa muda, kisha akageuka.

"Nimesema nini?" akamuuliza.

"Umesema chumvi imekwisha."

"Sikusema kitu, mama watoto."

Mwalimu akaokota kijiko, akakirudisha pale pale kilipokuwa.

"Waambie," mzee akasema, taratibu, midomo yake mitupu ikionekana yote. "Twende hospitali, na uwaambie."

"Wakaniandike kiziwi? Mwalimu wa sauti ambaye ni kiziwi? Watanicheka mpaka wachoke."

Aliogopa. Tuseme hivyo wazi, maana yeye mwenyewe hakusema. Watoto wake wa kuzaa walikuwa wakubwa na mbali, na nje ya chumba kile chenye harufu ya sabuni hakujua angejiita nani. Alijiambia kwamba darasa lake ni safi, na wifi ni wifi tu.

Siku yenyewe mwalimu mkuu aliingia, akakaa nyuma kabisa kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kidevuni. Wifi alisimama mlangoni. Mwalimu alichagua mchezo wa duka, aliouamini kuliko yote: vitu vimepangwa mezani, mtoto mmoja anasoma kadi, mwingine anakwenda kuleta kitu kilichotajwa. Raundi za mwanzo zilikwenda vizuri. Wasomaji walisimama mbele wakimtazama, akawasoma midomo, akasema safi.

"Huyo binti aje asomee huku," mwalimu mkuu akasema. "Nisikie vizuri."

Binti akaenda nyuma. Sasa alikuwa amempa Mwalimu kisogo, na Mwalimu hakuona ila nywele zilizosukwa na kola ya shati. Kadi ilikuwa "cup". Kikombe cha bati kilikuwa mezani, kinang'aa, pua na mdomo na mtu aliyetakiwa kukileta. Mvulana aliinuka, akaja moja kwa moja bila kusita, akakipita kikombe. Akanyanyua kapu, lile kubwa la kubebea vifutio vya ubao, akamkabidhi Mwalimu kwa mikono miwili.

Mwalimu alilitazama kapu. Akamtazama binti aliyegeuka kule nyuma na kuinua kadi yake, c, u, p, maandishi meusi makubwa. "Cup" lenye mkia ni kapu. Mvulana alikuwa ameleta alichokisikia.

Zamani darasa zima lingepasuka mbavu kwa kosa kama lile. Siku ile hakuna aliyecheka. Hakuna aliyecheka kwa sababu hakuna aliyeona kosa. Watoto wote walikuwa wamekaa wima, viganja juu ya madawati, wakingoja waambiwe safi kabisa.

Angeweza kumsingizia mvulana. Angesema huyu ni mzito, kila siku ananisumbua, na mwalimu mkuu angeinua mabega na kuendelea. Neno lilimfika kwenye ulimi. Lakini mvulana alikuwa anatabasamu, na huwezi kumsingizia mtu anayekutabasamia na kapu.

Akamwita binti. Akapiga magoti, akaweka sikio karibu kabisa na mdomo wake. "Soma tena. Hapa."

Binti akasoma. Kwa ukaribu ule, sauti ilipita, hafifu, na u ndogo ikaburuzika nyuma yake.

Iliuma kweli. Kisha akainuka, akajifuta magoti.

"Mtoto hana kosa, Mwalimu Mkuu," akasema. "Mimi sisikii." Akawageukia watoto. "Mikia nimewarudishia mimi. Ninyi mmesoma kama mlivyofundishwa."

Mwalimu mkuu alijaribu kusimama, dawati likambana. Alitafuta maneno, akakohoa, akasema mambo haya yanazungumzika ofisini. Mwalimu alisema hayana haja ya ofisi. Alikusanya kadi zake za maboksi, akazipanga kwa sauti kama alivyozipenda, akaenda mlangoni akamwekea wifi mikononi.

"Nisamehe, wifi. Siku ile nilikuwa na mdomo mrefu."

"Mdomo wako mimi nimeuzoea," wifi akasema, machozi yakimlengalenga. "Masikio ndiyo ungeniambia."

Hospitali walikwenda. Daktari alisema kifaa cha sikioni kitamsaidia mezani na dukani, lakini zile sauti za nchani, t na p na s za mwisho wa neno, asitegemee kuzipata tena kama zamani. Mwalimu alishukuru, akatoka. Chumba cha vitabu akakifagia, panya wakahama kwa hasira, naye akawa anaketi humo na kungoja watoto wanaokuja kuazima.

Muhula ulikuwa umesogea siku mumewe alipokuja shuleni kumtengenezea rafu. Kazi ilipoisha, Mwalimu alimshika mkono, akampeleka mpaka dirisha la chumba cha mwisho. Ndani, wifi alikuwa mbele ya ubao na watoto wamepanga kadi.

"Wanasemaje?" akamuuliza mumewe.

"Kiingereza mimi nitakijulia wapi, mama watoto? Mimi najua 'stop' tu, tena ya barabarani."

"Sikuulizi maana. Nakuuliza mwisho wa neno. Neno likiisha, kinafuata nini?"

Mzee alivua kofia, akaegemeza kichwa karibu na nondo za dirisha, akafumba macho. Watoto walivuta sauti. Midomo mingi midogo ilifunguka na kufumba, viganja vikashuka pamoja, na Mwalimu alihisi mtikisiko ukutani. Hakusikia zaidi ya hapo. Alimtazama mumewe usoni, hapumui.

"Hakuna kitu," mzee akasema.

"Sikiliza vizuri. Hakuna kakitu kadogo, kanaburuzika?"

Akasikiliza tena, neno la pili, la tatu.

"Hakuna. Wanasema, halafu kimya."

"Kimya kabisa?"

"Kimya kabisa, mama watoto."

Mwalimu alishika nondo kwa mikono miwili, akacheka huku machozi yanamtiririka mbele ya darasa zima lililokwisha kumwona na kuanza kumpungia.

"Kimya hicho hata mimi nakisikia," akasema.