Kioo Nilichopangusa

Ninafanya usafi kwenye vyumba vya laser, katika chuo kimoja hapa Brussels. Sheria ni moja: meza ya laser haiguswi. Mimi niliigusa. Niliona vumbi kwenye kioo kidogo kama sarafu, na kwetu Bukavu maman hawezi kuacha kioo na vumbi halafu aseme amesafisha. Nikapangusa.

Siku tatu mwanga wa laser ulipotea njia. Mkubwa wa maabara akamfokea binti wa Lubumbashi anayesomea doctorat pale: "Wewe ndiye uliyeingia wa mwisho. Jumatatu natafuta mwingine." Binti akaenda kulia kwenye korido.

Mimi ninajua mtu akinyamaza kunatokea nini. Kule Bukavu, wakati wa vita, aliyewaonyesha askari mlango wetu ni jirani yetu, muuza mbao. Leo anakaa Anderlecht, anaimba kwaya, anasema hakuona kitu. Jina lake nililitaja mbele ya kanisa zima. Akaangalia viatu vyake. Miaka yote hii nangojea aseme maneno mawili tu.

Bon. Nikamfuata yule mkubwa. "Ni mimi. Nilipangusa kioo."

"Na dawa ya madirisha?"

"Na dawa ya madirisha."

Akashika kichwa. Kioo kikabadilishwa, binti akabaki.

Kazi ilipokaa sawa, binti akaniita. "Maman, kuja uone kile ulituzuia."

Kulikuwa na kichupa cha glasi, urefu wa kidole. Ndani, mvuke wa chuma. Kwa macho, hakuna kitu.

"Natuma mwanga wa laser ya kwanza ndani yake. Angalia écran ya kamera."

Giza.

"Gaz, ule mvuke, imekunywa mwanga wote. Sasa naongeza laser ya pili."

Doa jeupe likatokea, kali.

"Si ni hiyo ya pili tunaona?"

"Hapana, hiyo nimeizuia isifike kwa kamera. Ni ile ya kwanza, imepita. Ya pili inafanya tu zile atome za gaz zisiinywe."

"Alors umetoa gaz."

"Hata kidogo, maman. Yote iko mule."

Nikainama. "Mikono, maman," akasema, akicheka.

Akazima ile ya pili: giza. Akawasha: mwanga ukapita. Maisha yangu yote nilijua kizuizi kinaondoka kwa kuvunjwa. Hiki kilikuwa palepale, kizima, na mwanga ulikuwa unakipita kama hakipo.

"Tena," nikamwambia.

Akawasha tena. Mikono yangu nilikuwa nimeifunga nyuma ya mgongo.